Injini nzito katika gari la kale: Kwa nini sehemu ya mbele huumia kwanza

KWA mpenzi wa magari ya kale ya Marekani, ni vigumu kushinda kishawishi cha kuing'oa injini iliyokuja na gari kutoka kiwandani na kupachika nyingine iliyo kubwa zaidi.

Aghalabu fedha zote huishia kwenye injini yenyewe, gia boksi na rangi ya bodi. Saspensheni ya mbele, yaani mfumo wa springi, mikono ya chuma na viungo unaoibeba bodi juu ya magurudumu, hukumbukwa siku ambayo gari linakataa kukata kona au kusimama kwa wakati.

Ilhali uzito hauna huruma. Kila kilo inayoongezwa chini ya boneti hupitia kwenye springi, kisha kwenye mkono, kiungo na gurudumu hadi ardhini. Katika msururu huo, kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinacholipa deni.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni Ford Mustang, gari lililozinduliwa Aprili 17, 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York na ambalo hadi leo lina wafuasi wengi duniani kuliko magari mengi ya rika lake.

Mustang ya kwanza haikuundwa kwa ajili ya injini nzito. Sehemu zake nyingi za chini zilitokana na Ford Falcon, gari dogo la familia lililobuniwa kubeba injini ndogo ya silinda sita. Kwa hivyo saspensheni yake ya mbele ilikuwa nyepesi na ya gharama nafuu.

Waafrika Mashariki walipata fursa ya kuujaribu mpango huo wa ujenzi mapema. Katika mashindano ya magari ya East African Safari ya mwaka 1964, kampuni ya Ford ilileta kikosi cha magari ya Mercury Comet, ndugu wa damu wa Falcon, yakiwa na injini za silinda nane. Mengi yalishindwa kufika mwisho. Ushindi ulichukuliwa na Peter Hughes na Bill Young katika Ford Cortina GT, gari dogo mno likilinganishwa na Comet.

Bila shaka gari huweza kuangushwa na mambo mengi katika safari ya maelfu ya kilomita za matope na mawe. Hata hivyo, barabara za eneo hili zilithibitisha kwamba nguvu za injini pekee hazimfikishi dereva aendako.

Ili kuelewa tatizo, ni sharti kwanza kuelewa jinsi sehemu ya mbele ya Mustang ya miaka hiyo ilivyoundwa.

Kila gurudumu la mbele hushikiliwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini. Katika magari mengi ya Marekani ya enzi hizo, springi ilikaa juu ya mkono wa chini. Katika Mustang, springi hukaa juu ya mkono wa juu na kupanda ndani ya mnara wa bati uliochomelewa kwenye bodi, kandokando ya injini.

Aidha, gari hili halina chasi ya pekee kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo, uzito wote wa mbele huning'inia kwenye minara hiyo miwili ya bati. Minara ikilegea, vipimo vyote vya magurudumu huvurugika.

Mkono wa chini nao ni kipande chembamba kinachozuiwa kwenda mbele na nyuma na fito ya chuma iliyofungwa kwa vipande vya mpira. Mpira huo ukizeeka, gurudumu hurudi nyuma dereva anapokanyaga breki, na usukani huvuta upande mmoja.

Sasa yafaa kutazama mizani. Injini ya Ford ya inchi za ujazo 289, ambayo ni ya silinda nane za ukubwa wa wastani, ina uzito wa yapata kilo 210. Injini ya inchi 390, iliyoanza kutolewa katika Mustang ya mwaka 1967, hukaribia kilo 300. Tofauti ni kama kilo 90, sawa na abiria mmoja mnene aketiye juu ya boneti siku zote, mchana na usiku.

Ford wenyewe waliujua uzito wa jambo hili. Ili injini ya 390 iingie, waliipanua bodi ya Mustang ya mwaka 1967. Mwenye gari la 1965 au 1966 anayetaka injini hiyo hana budi kuikata minara, kwani nafasi haipo.

Mnamo 1969 na 1970 walikwenda mbali zaidi. Ili kupachika injini ya inchi 429 katika toleo maalumu la Boss 429, magari yalipelekwa kwa kampuni ya Kar Kraft huko Brighton, jimbo la Michigan, ambako minara ilibadilishwa na mikono ya juu kusogezwa nje. Hata betri ilihamishiwa kwenye buti ili kupunguza mzigo wa mbele.

Ikiwa kiwanda chenye wahandisi tele kililazimika kufanya hayo yote, ni dhahiri kwamba fundi wa mtaani hawezi kuishusha injini kubwa kwa mnyororo, akakaza bolti nne na kudai kwamba kazi imekwisha.

Mathalan, mtu ana Mustang ya 1967 yenye injini ya 289, nayo ina uzito wa kilo 1,350. Iwapo asilimia 55 ya uzito huo iko mbele, magurudumu mawili ya mbele hubeba yapata kilo 740, au kilo 370 kila moja.

Akiweka injini ya 390, takriban kilo 80 kati ya zile 90 zitaliangukia ekseli ya mbele, kwa kuwa injini imekaa karibu nayo. Kila gurudumu litaongezewa kilo 40.

Kilo 40 zaonekana kidogo. Lakini hapa ndipo hesabu ya mkono inapoingia, nayo ni hesabu inayowahadaa mafundi wengi.

Springi haikai juu ya gurudumu. Imekaa kwenye mkono, karibu na katikati kati ya egemeo lake na gurudumu. Kwa hesabu rahisi, ikiwa springi iko katikati kabisa, kila kilo moja inayobebwa na gurudumu huwa kilo mbili juu ya springi. Ndivyo wenzo ufanyavyo kazi, sawa na mtu anayebeba ndoo kwa kuishika mti katikati badala ya mwisho.

Kati ya zile kilo 370, karibu kilo 40 ni uzito wa gurudumu lenyewe na breki, ambao haupiti kwenye springi. Zinazosalia ni 330. Kwa hivyo springi ilikuwa ikibeba kama kilo 660. Injini mpya ikiingia, hubeba kilo 740.

Isitoshe, gurudumu likipanda sentimita mbili, springi hujikunja sentimita moja tu. Nguvu imegawanywa mara mbili, na mwendo pia umegawanywa mara mbili. Matokeo yake ni kwamba ugumu wa springi unaohisiwa kwenye gurudumu ni robo tu ya ugumu wake halisi.

Springi inayohitaji kilo 6 ili ijikunje milimita moja, hulipa gurudumu ugumu wa kilo moja na nusu kwa milimita. Kilo 40 za ziada basi huishusha pua ya gari karibu milimita 27.

Kushuka huko si suala la sura tu. Mwendo wa kupanda na kushuka wa gurudumu hupungua, na kila shimo hulifanya gari ligonge mpira wa kuzuia. Pembe za magurudumu hubadilika, tairi huliwa upande mmoja, na taa za mbele humulika chini kuliko inavyostahili.

Zaidi ya hayo, gari lenye pua nzito hukaidi kona. Dereva hukata usukani, nalo huendelea kwenda mbele kwa sababu tairi za mbele zimeelemewa. Katika barabara yenye mvua, dosari hiyo humpeleka mtu mtaroni.

Je, tiba ni ipi?

Wengi hukimbilia springi ngumu kupindukia. Wanasahau kwamba, kwa hesabu iliyotolewa hapo juu, mzigo juu ya springi umeongezeka kwa asilimia 12 tu. Ili gari lirudie tabia yake ya awali, ugumu nao wapaswa kuongezeka kwa kiwango kama hicho, au zaidi kidogo kwa anayependa kwenda kasi.

Springi iliyo ngumu kwa nusu nzima au zaidi hulifanya gari lirukeruke. Tairi inayoruka haishiki barabara, na isiyoshika barabara haiwezi kupinda wala kusimamisha chochote.

Njia iliyo salama ni kununua springi zilizotengenezwa kwa ajili ya injini husika na mwaka husika wa gari. Mustang imekuwa na bahati kwamba watengenezaji wa vipuri bado wanaziunda springi hizo, na orodha zao hutenganisha injini ndogo na kubwa.

Kuna vishawishi vitatu vya kuepukwa. Cha kwanza ni kuipasha springi moto ili ishuke au ibadilike umbo. Moto huondoa ule ukakamavu uliotiwa chuma kiwandani, na springi ya namna hiyo huendelea kunywea au hukatika.

Cha pili ni kukata pete za springi bila kipimo. Ni kweli kwamba springi fupi huwa ngumu zaidi, kwa kuwa chuma kinachopinda kimepungua. Lakini gari pia hushuka, na kile kidogo kilichosalia cha mwendo wa gurudumu humalizika.

Cha tatu ni kuingiza vipande vya kuinulia juu ya springi zilizochoka. Gari litainuka na kupendeza machoni, ilhali springi yenyewe haijapata nguvu hata chembe.

Baada ya springi, zamu ni ya shokabsoba. Kazi ya chombo hiki ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kupita shimo. Springi ngumu iliyofungwa pamoja na shokabsoba laini za awali ni kama punda aliyekatiwa kamba. Viwili hivi hununuliwa pamoja.

Kisha huja bushi na boljointi. Gari lililounganishwa miaka zaidi ya 50 iliyopita huenda bado lina vipande vya mpira vya zamani, vilivyokauka na kupasuka. Hakuna maana ya kuweka springi mpya juu ya mikono inayochezacheza. Mikono yote miwili, fito ya kuzuia na mipira yake, pamoja na ncha za usukani, hukaguliwa na kubadilishwa palipo na ulegevu.

Lililo muhimu kuliko yote katika Mustang, hata hivyo, ni ile minara ya bati. Kwa miaka mingi ya kubeba mzigo, minara huelemea ndani, upande wa injini, na kupasuka kwenye sehemu zilizochomelewa. Kutu huikamilisha kazi hiyo.

Kwa hivyo kabla ya injini nzito kushushwa, minara husuguliwa hadi chuma kitupu, nyufa hutafutwa kwa makini, na sehemu zilizochoka kuchomelewa bati jipya na mtu aliyebobea. Umbali kati ya mnara mmoja na mwingine hupimwa ili kujua ikiwa imeinama.

Ford walikuwa na dawa ya bei nafuu. Magari yaliyopelekwa nje ya Marekani yaliwekewa kiungo kizito cha bati kinachoifunga minara yote miwili kwenye ukuta ulio nyuma ya injini, badala ya vijiti viwili vyembamba vya kawaida. Kiungo hicho, pamoja na fito inayopita juu ya injini kutoka mnara hadi mnara, vilitumika pia katika magari ya mashindano ya Shelby GT350.

Magari hayo ya GT350 ya mwaka 1965 yana somo jingine. Egemeo la mkono wa juu lilishushwa inchi moja, yaani milimita 25, kwa kutoboa matundu mapya kwenye mnara. Wazo hilo huhusishwa na mhandisi wa Ford, Klaus Arning.

Faida yake ni kwamba bodi inapoinama kwenye kona, kichwa cha gurudumu huelekea ndani na tairi hukaa bapa zaidi barabarani. Gari hushika kona vizuri bila springi kuongezwa ugumu. Gharama ni matundu manne na usahihi wa kupima. Anayekosea kipimo, au kushusha kupita kiasi, huifikisha boljointi kwenye ukomo wa mwendo wake na kuivunja.

Wapo wanaochagua njia ya mkato iliyo ghali. Huikata minara kabisa na kuchomelea saspensheni iliyoigwa kutoka Mustang II, gari lililoanza kuuzwa kama modeli ya mwaka 1974. Injini kubwa hupata nafasi tele, na usukani hubadilishwa kuwa wa reki, ulio mwepesi.

Njia hiyo ina hatari ambayo hutajwa kwa nadra. Mzigo uliokuwa ukibebwa na minara huhamia ghafla kwenye fito mbili za chini ya bodi ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Zisipoimarishwa, bodi hupinda polepole, na milango huanza kukataa kufunga.

Fauka ya hayo, saspensheni haiwezi kutenganishwa na breki. Mustang nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani zikiwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na za diski mbele zilikuwa za kulipiwa zaidi. Gari lililoongezewa uzito na kasi halipaswi kubaki na ngoma mbele.

Mwenye gari lililokuja na injini ya silinda sita ana mzigo mkubwa zaidi. Magurudumu yake hufungwa kwa nati nne badala ya tano, na ngoma zake ni za inchi 9 ilhali za silinda nane ni za inchi 10. Yeye hulazimika kubadilisha karibu kila kitu kutoka kitovu cha gurudumu hadi fito za usukani kabla hata ya kuiwazia injini mpya.

Kuna pia dawa ambayo wengi huipuuza kwa kuwa haina mbwembwe, nayo ni kuupunguza mzigo wenyewe. Injini za familia ya 390 zina sehemu ya juu ya kuingizia hewa iliyotengenezwa kwa chuma cha kalibu yenye uzito wa yapata kilo 35. Ile ya aluminiamu hupunguza zaidi ya nusu ya uzito huo.

Vichwa vya silinda vya aluminiamu hupunguza kilo nyingine nyingi. Betri ikihamishiwa kwenye buti kama walivyofanya Ford katika Boss 429, faida huwa mara mbili: kilo huondoka mbele na kuongezeka nyuma, ambako magurudumu yanayosukuma yanazihitaji.

Mtu anayefuata hatua hizi tatu huweza kufuta sehemu kubwa ya zile kilo 90. Springi haitakuwa na kazi kubwa, minara itapumua, na kona zitakatika.

Kazi ya mwisho ni kupanga magurudumu. Vipimo vilivyoandikwa katika vitabu vya miaka ya 1960 vilikusudiwa tairi za zamani zilizofumwa nyuzi kimshazari. Tairi za kisasa za redio zinahitaji vipimo tofauti.

Mafundi wengi wa Mustang hupendelea egemeo la juu la gurudumu lirudi nyuma kwa digrii mbili hadi tatu ili usukani ujirudie wenyewe, kichwa cha gurudumu kiingie ndani kwa nusu digrii au pungufu, na sehemu za mbele za magurudumu zielekeane kwa karibu milimita tatu. Upimaji hufanywa baada ya gari kuendeshwa siku kadhaa na springi mpya kutulia.

Tahadhari moja haina budi kusisitizwa. Springi ya mbele ya Mustang iliyo ndani ya mnara imebanwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 600. Ikifyatuka, humvunja mtu mbavu au kumuua. Huondolewa kwa kifaa maalumu cha kubana kinachoingizwa kupitia juu ya mnara, wala si kwa jeki, waya na ujasiri.

Mpangilio wa kazi nzima basi ni huu: kukagua na kuimarisha minara, kubadilisha bushi na boljointi, kuweka breki za diski, kupunguza uzito wa injini, kisha kuchagua springi na shokabsoba kulingana na uzito uliobaki. Injini yenyewe huingia baada ya hayo.

Wengi huanzia mwisho. Hununua injini kwanza, fedha zikawaishia, wakalitia gari barabarani likiwa na miguu ya mwaka 1967 chini ya nguvu isiyowahi kukusudiwa. Usione vyaelea, vimeundwa. Na katika gari, kilichoundwa kwa uangalifu zaidi mara nyingi ndicho kisichoonekana boneti linapofunguliwa.